Anzia juu ya kilima: jibu kwa msomaji wa Mwanga anayetaka kuvuka Grand Canyon kwa siku moja

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Mwanga hapa Kigoma, nina miaka 31. Kaka yangu anafanya kazi Phoenix, Marekani. Yeye na wenzake wamepanga mwezi wa kumi kuvuka Grand Canyon kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kurudi, yote ndani ya siku moja, na wamenikaribisha. Nakimbia mara tatu kwa wiki na nimeshapanda milima ya Gombe bila shida. Nina miezi mitano. Je, nitaweza? Nianzie wapi? Na nikimaliza, nipumzike siku ngapi kabla ya kupanda ndege?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ulichouliza kwanza. Kuvuka mara moja, ukingo hadi ukingo, utaweza, mradi miezi hiyo mitano uitumie kweli. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo, hapana. Usikubali, hata kaka akubembeleze vipi. Nitakueleza kwa nini, halafu tuingie kwenye mazoezi, maana hapo ndipo wewe mtu wa Kigoma una bahati ambayo huenda hujaiona.

Grand Canyon ni korongo kubwa la jimbo la Arizona, na Mto Colorado unapita chini yake kwenye mwinuko wa kama mita 750 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko kwenye mita 773. Yaani ukisimama Kibirizi miguu ikiwa majini, uko karibu usawa mmoja na mtu aliyesimama kule chini kando ya mto. Ukingo wa kaskazini, pale njia ya North Kaibab inapoanzia, uko mita 2,512. Sasa fikiria Mlima Nkungwe kule Mahale: kilele chake ni mita 2,462. Kutoka ufukweni hadi kilele cha Nkungwe ni kupanda mita 1,690 hivi. Kutoka Colorado hadi ukingo wa kaskazini ni mita 1,750 hivi. Nkungwe wageni huupanda na askari wa hifadhi kwa siku mbili au tatu, wakilala njiani. Ukingo wa kusini uko chini kidogo: njia ya South Kaibab inaanzia mita 2,213, na ya Bright Angel mita 2,091.

Kuvuka mara moja kwa North Kaibab na Bright Angel ni kilomita 38. Kwenda na kurudi ni kati ya kilomita 68 na 77, kutegemea njia mtakazochagua, pamoja na kupanda zaidi ya mita 3,000 kwa jumla. Wapo wanaoweza. Mwaka 2016 Mmarekani Jim Walmsley alikimbia kwenda na kurudi kwa saa 5 na dakika 55. Huyo ni mkimbiaji wa milimani ambaye maisha yake yote ni hiyo kazi. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi mazuri huchukua saa 10 hadi 14 kuvuka mara moja tu. Ukizidisha kwa mbili, ukaongeza uchovu, utakuwa unapanda ukingo wa mwisho usiku wa manane, umekesha, miguu haisikii amri. Hata uongozi wa hifadhi wenyewe hauwashauri watu kushuka hadi mtoni na kurudi juu siku hiyohiyo, hasa kuanzia Mei hadi Septemba, na hiyo ni nusu tu ya wanachokipanga akina kaka.

Umesema Gombe ulipanda bila shida, na nakuamini. Lakini milima yetu ya kandokando ya Ziwa inatuzoesha jambo moja ambalo Grand Canyon inaligeuza. Sisi tunaanzia chini. Boti inakushusha ufukweni asubuhi, unapanda ukiwa na nguvu zako zote, na ukichoka unageuza. Kila hatua ya kurudi ni mteremko, na chini kuna maji, kivuli na boti inayokusubiri. Kule unaanzia juu, kwenye baridi, miguu myepesi, mandhari ya kukufanya usahau saa. Unashuka kwa raha. Chini kuna joto kuliko juu, na ndipo unapoambiwa sasa panda. Aliyeshuka zaidi ya uwezo wake hajui kama amefanya hivyo mpaka amefika kwenye joto, na njia ya kutoka ni kupanda tu. Kwa hiyo swali lako la "nianzie wapi" jibu lake ni hili: anzia juu ya kilima.

Hapo kuna sababu ya kimwili ambayo wewe muuguzi utaielewa upesi. Unapopanda, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi huku ikijifupisha. Unaposhuka, misuli ileile inarefuka huku imekaza, ikikuzuia usiporomoke. Kazi hii ya pili ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za misuli, na ndiyo inayokufanya kesho yake ushuke ngazi kinyumenyume. Mapafu yako ya kukimbia hayatakusaidia hapo. Nimeona wakimbiaji wazuri wa barabarani wakifika chini ya korongo mapaja yakitetemeka wakisimama, kabla hata hawajaanza kupanda.

Habari njema ni kwamba misuli inajifunza haraka. Mteremko mrefu wa kwanza utakuumiza siku tatu au nne. Ukirudia baada ya wiki mbili, maumivu yanapungua sana, na mwili hubaki na kinga hiyo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo katika miezi yako mitano kusiwe na wiki mbili zinazopita bila mteremko mrefu, na mteremko wa mwisho uwe siku 10 hadi 14 kabla ya safari. Ukishuka mlima siku tano kabla, utaenda Marekani na mapaja yanayouma.

Kiangazi chetu kinakufaa. Kuanzia Juni hadi Septemba njia za milimani ni kavu, vumbi jingi na changarawe zinazoteleza chini ya kiatu, na njia za kule zinafanana sana na hizo. Siku za kazi tumia vilima vya mjini: barabara ya kutoka stesheni kupanda Mwanga, au kilima chochote chenye mteremko wa dakika kumi. Panda kwa mwendo wa kawaida, ushuke kwa uangalifu, urudie mpaka saa moja na nusu iishe. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, na mbio zako zibaki mara moja tu. Siku ya tatu fanya mazoezi ya nyumbani: simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, shusha mguu mwingine taratibu mpaka kisigino kiguse chini, halafu rudi juu. Mara kumi na tano kila mguu, seti tatu. Ni zoezi lisilopendeza kulitazama, lakini sijaona jingine linalofanya kazi vizuri zaidi kwa magoti ya mtu anayekwenda kushuka korongo.

Siku yako ya mapumziko ndiyo ya safari ndefu. Panda gari la Manyovu alfajiri, shuka Kalinzi kule kwenye kahawa na baridi, halafu rudi Mwandiga kwa miguu, ukifuata njia za vijijini badala ya lami inapowezekana. Hapo umeanza juu, umeshuka ukiwa mbichi. Ukishazoea, mwezi wa tatu na wa nne wa mazoezi yako, usiishie chini: pumzika nusu saa, kula, halafu geuka upande mlima tena kwa saa mbili au tatu, saa sita mchana, jua likiwaka. Usifanye hivyo peke yako. Beba kitambulisho chako cha NIDA, kwa sababu huo ni mkoa wa mpakani na utaulizwa, na kijiji utakachopita mara kwa mara ujitambulishe kwa mwenyekiti. Gombe iache kwa siku moja maalumu, kwa kuwa ndani ya hifadhi utalipa kiingilio na mwongozaji. Na kama mfuko unaruhusu, safari moja ya Mahale kupanda Nkungwe mwezi wa nane itakufundisha kuliko maneno yangu yote.

Ukitaka kumwona fundi wa kushuka, siku ya soko simama pembeni ya njia mahali ambapo akina mama wanateremka kutoka milimani na mizigo kichwani. Tazama magoti yao. Hayanyooki kamwe, yamelegea kidogo muda wote. Hatua ni fupi, mguu unatua chini ya kiwiliwili na si mbele yake, na unyayo unagusa ardhi karibu wote kwa pamoja. Shingo haiyumbi. Sasa mtazame kijana anayeshuka mikono mitupu: anatupa mguu mbele, kisigino kinagonga, goti linanyooka na kupokea uzito wote. Akifika chini anakuwa wa kwanza, ila mama yule anaweza kurudia njia ile jioni na kijana hawezi. Igeni hatua za akina mama. Njia ya South Kaibab na sehemu za Bright Angel zimewekewa vigogo na mawe ya kuzuia udongo, ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ni pigo moja kwenye goti lililonyooka. Fimbo mbili za kutembelea zinapunguza pigo hilo, ila ujifunze kuzitumia huku nyumbani kwanza.

Maji sasa. Hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalopeleka watu hospitali.

Joto letu la Kigoma lina unyevu. Unatoka jasho, unaliona, fulana inalowa, unajua umepoteza maji. Jangwani Arizona hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka linapotoka tu. Ngozi iko kavu, unajiona uko sawa, kumbe unapoteza lita nzima kwa saa. Kitakachokuambia ukweli ni chumvi nyeupe kwenye mikanda ya begi na rangi ya mkojo. Kunywa nusu lita hadi lita moja kwa saa kadiri joto linavyopanda, kwa mafunda madogo, bila kusubiri kiu kali.

Lakini kuna upande wa pili ambao watu wengi hawaujui, na umewahi kuua huko. Ukinywa maji matupu kwa wingi saa nyingi bila chumvi, sodiamu kwenye damu inashuka. Dalili zake zinafanana na za joto: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa. Tofauti yake ni kwamba huyu amekunywa sana, anakojoa mara kwa mara mkojo mweupe kama maji, vidole vimevimba mpaka pete inabana. Huyu ukimpa maji zaidi unamzidishia. Anahitaji chumvi, chakula, kupumzika, na akianza kuchanganyikiwa anahitaji msaada wa haraka. Wewe kazini unachanganya ORS kila siku, kwa hiyo beba pakiti zako kutoka hapa. Pakiti moja kwa lita moja, kama ilivyoandikwa, halafu chupa inayofuata maji matupu, mkipokezana hivyo siku nzima. Kwenye mazoezi ya Kalinzi fanya vilevile ili tumbo lizoee ladha hiyo ukiwa umechoka.

Chumvi nyingine itoke kwenye chakula, na chakula nacho kina kanuni yake: kidogo kidogo kila nusu saa, kuanzia saa ya kwanza, hata kama huna njaa. Joto linafunga tumbo. Ukisubiri mpaka uishiwe nguvu, hutaweza tena kula. Huku fanya mazoezi na karanga za chumvi, ndizi, viazi vya kuchemsha, chapati, dagaa waliokaangwa wakakauka. Kule nunueni vinavyofanana na hivyo dukani. Usijaribu chakula kigeni siku ya safari.

Kwenye njia ya Bright Angel na North Kaibab kuna mabomba ya maji, lakini mengi ni ya msimu tu, na bomba kuu linalovuka korongo ni la tangu miaka ya 1960, linapasuka mara kwa mara. Siku mbili kabla ya kutoka, na tena asubuhi yenyewe, someni kwenye ukurasa wa hifadhi ni mabomba gani yana maji. Bebeni pia vidonge vya kusafishia maji, vilevile tunavyotumia hapa, kwa sababu kijito cha Bright Angel kinafuatana na North Kaibab sehemu ndefu. South Kaibab haina maji kabisa na kivuli ni kidogo sana. Usiipande mchana. Ni njia ya kushukia.

Maji hayo ya kijito yana kazi nyingine pia. Chukua kipande cha kanga ya pamba. Kichovye, kikamue kidogo, jifunge shingoni, na ulowanishe kofia na fulana. Hewa kavu itayavuta maji hayo kutoka kwenye nguo na kukupooza, kazi ambayo jasho lako lingeifanya kwa gharama ya damu yako. Rudia kila mnapokuta maji. Kwenye mto Colorado wenyewe usiingie kuogelea: maji ni baridi sana na mkondo una nguvu, na watu wanaoogelea vizuri wamebebwa nao.

Kwa mtu wa mara ya kwanza, ninapendelea kushuka kaskazini na kupanda kusini kwa Bright Angel. Unashuka mita 1,750, unapanda mita 1,340 hivi, na upande wa kupanda una vituo vya maji na watu. Akina kaka wanaweza kusema waanzie kusini kwa kuwa ndiko karibu na Phoenix. Kwa gari, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni kilomita kama 345 na saa tano barabarani, ingawa kwa mstari wa ndege ni kilomita 16 tu, kwa hiyo lazima mpange gari la kuwapeleka au la kuwapokea mapema. Kuna jambo jingine la kulipa uzito. Julai 2025 radi iliwasha moto ulioitwa Dragon Bravo, ukateketeza Grand Canyon Lodge na majengo mengine mengi ya ukingo wa kaskazini, na njia ya North Kaibab ikafungwa. Kabla hujakata tiketi ya ndege, mwambie kaka athibitishe kwa hifadhi kwamba njia na barabara ya kaskazini ziko wazi kwa tarehe zenu. Huduma za upande ule kwa kawaida huisha katikati ya Oktoba. Zikiwa zimefungwa, shukeni South Kaibab na kupanda Bright Angel. Ni kilomita 27, na ni siku nzito inayokutosha.

Tuseme njia iko wazi na ni wiki ya kwanza ya Oktoba. Tokeni saa kumi alfajiri na tochi za kichwani. Juu kutakuwa na baridi karibu na nyuzi sifuri. Vaa koti jepesi, glavu na kofia unavyoweza kuvivua na kuvitia begini. Tokeni bila haraka. Kilomita tatu za kwanza hadi Supai Tunnel ndipo utakapojua goti lako linasemaje, na hapo kurudi bado ni rahisi. Kambi ya Cottonwood, kilomita 11 kutoka juu, mfike kama saa moja asubuhi. Hapo kaa chini, vua viatu, toa changarawe, tazama vidole. Jiulize kama mtu anayempima mgonjwa: nimekula nini, nimekojoa lini, goti likoje, nina furaha au nimenyamaza? Ukishapita hapo, kutoka kwa kwenda mbele kunaanza kuwa sawa na kurudi.

Baada ya Cottonwood njia inaingia kwenye mwanya mwembamba wa mawe meusi unaoitwa The Box. Mawe yale yanashika joto na kulirudisha usoni, na mchana wa kiangazi ni mahali pa hatari kabisa. Lazima muumalize asubuhi. Mkifika Phantom Ranch karibu na mto saa nne, mko vizuri. Kuna maji, kivuli na ofisi ya askari wa hifadhi. Kwa Oktoba ya kawaida joto hapo hufika nyuzi 29 hivi, na mnaweza kuendelea taratibu baada ya kupumzika. Utabiri ukisema zaidi ya hapo kwa mbali, kaeni kivulini, miguu kwenye kijito, mpaka saa kumi jioni, mpande usiku. Tochi mnazo. Wengi wanaona aibu kupumzika saa tano nzima. Sioni aibu yoyote hapo.

Kutoka mtoni hadi Havasupai Gardens ni kilomita kama 8, na ukitoka saa tano kasoro utafika saa saba na nusu au saa nane. Miti mikubwa, maji, viti. Kuanzia hapo ni kilomita 7 tu, lakini zina mita 930 za kupanda, kona juu ya kona, na ndizo zitakazokuwa ndefu kuliko zote za siku ile. Nenda mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeenda kasi. Kila nusu saa keti dakika tano, miguu juu ya jiwe. Kuna vibanda viwili vya kupumzikia njiani. Utatoka juu karibu na saa kumi na mbili jioni, jua likizama, na utahitaji lile koti tena.

Simu haitashika sehemu kubwa ya njia. Vituo kadhaa vina simu ya dharura, jifunzeni viko wapi. Mkikutana na msafara wa nyumbu, jibanzeni upande wa mlima, mbali na ukingo, mkae kimya mpaka mwongozaji awaruhusu. Kindi wa kule wamezoea wageni na wanauma, usiwalishe.

Viatu: vyepesi vya kukimbilia milimani vyenye meno, nusu saizi zaidi ya ulizozoea, kwa sababu mguu unavimba na unapiga mbele wakati wa kushuka. Kata kucha siku tatu kabla. Kaza kamba kwenye kifundo ili kisigino kisisogee. Viatu hivyo viwe vimeshatembea Kalinzi zaidi ya mara moja.

Kabla ya kuanza mazoezi makali, pima presha, sukari, na hasa wingi wa damu. Kwetu malaria ni ya kawaida, na mwenye upungufu wa damu atajitesa miezi mitano bila kuelewa kwa nini haendelei. Ukipata malaria katikati, simamisha mazoezi mpaka upone kabisa, halafu rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya. Na siku ya safari usimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Najua tunavyozipenda dawa hizo. Mwili uliopungukiwa maji, misuli inayochanika na dawa hizo pamoja vinaumiza figo.

Fika Marekani angalau wiki moja kabla. Kigoma na Arizona zimepishana saa kumi, na usingizi wako utakuwa umegeuka kabisa. Phoenix iko chini, mita 330 hivi. Mwombe kaka usiku mbili za mwisho mlale Flagstaff, ambako ni zaidi ya mita 2,100, mwili uzoee hewa nyepesi.

Kuhusu kaka na wenzake, ongea nao sasa, kwa simu, wala usisubiri ufike. Mwambie: mimi navuka mara moja, na nataka mtu mmoja avuke na mimi kwa mwendo wangu. Kama wao watageuka na kurudi kaskazini, hiyo ni safari yao, ila wasikuache peke yako mtoni. Kubalianeni pia kabla ya kutoka kwamba mmoja akisema pale Supai Tunnel au Cottonwood "narudi", hakuna mjadala, na mtu anarudi naye. Kundi lisiloweza kukuahidi hilo, usishuke nalo.

Kuhusu ndege, kaa siku tatu kabla ya kuondoka, nne ikiwezekana. Tembea kidogo kila siku, kunywa, kula vizuri. Miguu iliyovimba na kukaa ndegeni karibu siku nzima havipatani, kwa hiyo safarini inuka kila saa moja na chagua kiti cha pembeni. Ukiona shavu la mguu mmoja limevimba na linauma kuliko la mwingine, usipande ndege kabla hujamwona daktari. Vivyo hivyo mkojo ukiwa wa rangi ya soda nyeusi siku moja au mbili baada ya kutoka korongoni: hiyo ni misuli inayovunjika na kuingia kwenye figo, nenda hospitali siku hiyohiyo.